Siku Padri Alipowaita Akina Baba

Mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kutangaza mambo ya shule Jumapili, misa ikishakwisha, amesimama kwenye ngazi za kanisa ili hata wasioingia kanisani wamsikie. Siku hiyo mambo yalikuwa mengi. Jumamosi watoto wote waje na majembe, tusafishe njia kutoka mtoni hadi uwanjani. Wiki itakayofuata, mazoezi ya kuimba kila siku baada ya masomo. Wenye vitalu kwenye bustani ya shule wasing'oe karoti wala kukata kabichi, maana zitaonyeshwa kwa watu. Kina mama walete vyungu vikubwa. Wasichana watashindana kukimbia na mitungi ya maji kichwani, wavulana watavuta kamba. Kisha itakuwa sikukuu yenyewe ya shule, na familia zote zinakaribishwa, waliobatizwa na wasiobatizwa, na watakula wali na nyama ya mbuzi. Watu waliposikia mbuzi walicheka kwa furaha.

Mwalimu akangoja kicheko kiishe, akasema la mwisho. Watoto waliochaguliwa kwenda kusoma kwa masista, kule mjini Morogoro, kila mmoja ataletwa mbele ya watu na baba yake. Baba atamshika mtoto mkono na kumkabidhi kwa Padri. Mtoto asiyekabidhiwa na baba yake haendi.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliochaguliwa. Mama, aliyekuwa amesimama karibu nami na mdogo wangu mgongoni, aliacha kucheka.

Asiyekulia kwetu ataona ajabu gani hapo, baba kumpeleka mwanawe shule. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye neno juu yake ni mjomba, kaka wa mama. Mjomba ndiye anayejua mtoto ataolewa wapi na atatolewa lini ndani akishakuwa mwali. Hata shamba ni la ukoo wa mama. Mwanamume akioa huja kulima kwa mkewe, na migomba anayoipanda anaipanda kwenye ardhi ya watu. Baba yangu alitoka ng'ambo ya bonde, na kila alichokula alikila kwa hisani ya shemeji yake. Baba anapendwa, anaheshimiwa, anasikilizwa akiwa na hekima. Lakini kumtoa mtoto hawezi, kwa sababu mtoto si wake kumtoa.

Padri alilijua hilo kuliko anavyojua njia ya kwenda kisimani. Alikuwa amekaa milimani kwetu tangu kabla ya vita vya Majimaji, kabla hata reli ya Wajerumani haijafika mjini, na Kiluguru alikisema vizuri tu. Alikuwa akihubiri kwamba mbele ya Mungu mtoto ni wa baba, na kwamba mambo ya wajomba ni ya kishenzi. Kwa hiyo msiniambie alikosea kwa kutojua. Alitaka kuivunja desturi hiyo mbele ya watu wote, na alichagua kuivunjia mgongoni mwa baba yangu. Nimezeeka sasa, na nikikumbuka bado napandwa na hasira.

Na mimi nilitaka kwenda. Nisijifanye mtoto mwema aliyetaka tu amani nyumbani. Nilikuwa nimeonja kusoma, na nilijua kinachoningoja nikibaki: mjomba alikwisha kuanza kuzungumza juu yangu na watu fulani wa upande wa Mgeta, na mwili wangu ulikuwa unaelekea kukua. Nikiwekwa ndani nitatoka nikiwa mke wa mtu. Mjini kwa masista kulikuwa na vitabu, cherehani, na miaka ya kupumua. Sikuona kitu kingine.

Siku ya pili yake mama alichukua kuku, akapanda kwa kaka yake kumpa habari, kwa sababu asipopewa yeye mwenyewe angezisikia njiani na lingekuwa kosa juu ya kosa. Alirudi jua linazama. Kuku alikuwa bado kwapani mwake. Alimfungulia, akakaa kizingitini, akamwambia baba, "Amekataa kuku. Anasema mwambie mumeo, siku atakayomtoa mtoto wa watu, jioni yake aje achukue jembe lake shambani."

"Na mtoto?" baba aliuliza.

"Mtoto atamchukua palepale uwanjani. Anasema atakuja."

Baba alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kusema, na watu wengi walidhani upole ule ni uoga. Kesho yake alfajiri alikwenda kwa Padri kuomba jambo dogo: mjomba ndiye anikabidhi, yeye atasimama pembeni. Padri akamkatalia. Mjomba hakubatizwa, ana wake watatu, anafanya tambiko. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama mbele ya kanisa kutoa mtoto. Baba alitusimulia huku akicheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. "Ameniuliza, wewe ni mwanamume au ni mgeni kwenye nyumba yako?"

"Ukamjibu nini?" mama akasema.

"Nimemwambia, mgeni, Padri. Akanifukuza."

Mama alimshauri augue. Siku ya sikukuu alale, ajifunike, asiende popote. Baba akasema, "Nikiugua mimi, huyu anabaki." Mama akasema bora nibaki kuliko yeye afukuzwe na sisi tubaki bila mwanamume wa kupalilia. Nilikuwa napepeta mahindi palepale, wananizungumzia kana kwamba nimelala. Nilimchukia mama yangu siku ile. Nilimchukia kweli.

Basi tukawa tunajiandaa kwa sikukuu huku nyumbani hakuna anayekula akashiba. Mchana tulifundishwa wimbo wa Kijerumani ambao hatukujua hata neno moja maana yake, tukauimba kwa midomo mipana kama alivyotaka Padri. Tulifagia uwanja. Nilimwagilia kabichi zangu. Jioni baba alinipeleka kwenye mteremko nyuma ya nyumba kunifanyisha mazoezi ya mbio za mtungi, maana alisema nakimbia kwa mabega badala ya nyonga. Hakuwahi kunitajia habari ya kukabidhiwa. Alisema tu, "Shingo. Angalia shingo," nami nikapanda na kushuka mpaka maji yakaacha kumwagika.

Siku ikafika. Sijawahi kuona watu wengi vile milimani kwetu pasipo msiba. Walitoka kila kijiji, kina mama na vyungu vyao, wazee wa Kiislamu kutoka chini nao wakaja kutazama watoto, wamekaa upande wao na kahawa yao. Kabichi zilipangwa kwenye mkeka na watu wakazigusagusa. Padri alikaa kwenye kiti kibarazani. Akina baba wa watoto waliochaguliwa walipewa benchi mbele, na baada ya kukabidhi wangekula naye meza moja. Baba alikaa mwisho wa benchi, amevaa kanzu ya kuazima iliyomfika juu ya vifundo.

Mjomba alikuja peke yake. Hakuingia uwanjani. Alisimama nje ya ua wa matete, ameegemea fimbo, shuka jeupe begani, na watu waliokuwa karibu naye wakamwachia nafasi bila kuombwa. Nilimwona nikiwa kwenye mstari wa mbio na mtungi kichwani. Nikasahau shingo, nikasahau nyonga. Mtungi ulivunjika kabla sijafika nusu ya uwanja, na watu wakacheka, nami nikarudi nimelowa hadi miguuni.

Tukaimba. Tukapigiwa makofi. Kisha mwalimu akaanza kuita.

Aliyetangulia alikuwa mvulana ambaye mjomba wake alikuwa Mkristo, amekaa palepale mbele; baba alipomshika mkono mtoto, mjomba aliitikia kwa kichwa, na kila mtu akaona kwamba jambo limefanywa kama linavyofanywa. Padri pekee ndiye hakuona, au alijifanya haoni. Wa pili alikuwa yatima wa mama, ukoo mzima umeisha kwa ndui, hakuna wa kugombana. Wa tatu mimi.

Baba alisimama. Akakohoa. Alikuja mpaka tuliposimama sisi watoto, akanishika mkono. Kutoka hapo hadi kiti cha Padri palikuwa karibu sana. Nilimwona Padri akiinuka na kutabasamu. Nilimwona mjomba akihamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mama alikuwa kwenye vyungu, mwiko mkononi, wali unaungua na hageuzi.

Baba akageuka. Akanivuta, tukampa Padri mgongo, tukapita katikati ya watu waliokaa, wakivuta miguu kutupisha, mpaka kwenye ua. Alipofika mbele ya mjomba alichuchumaa. Mwanamume mtu mzima, baba wa watoto, kanzu ya watu imekaa kwenye vumbi, alichuchumaa mbele ya shemeji yake, uwanja wote unatazama.

"Shemeji," alisema, "huyu ni mtoto wenu. Mimi sina mtoto hapa. Mimi naomba tu. Naomba asome."

Aliuchukua mkono wangu akauweka kwenye mkono wa mjomba, akauachia.

Nilikuwa nikisikia wimbo huo wa sheria zetu tangu nazaliwa: mtoto ni wa mama, mtoto ni wa wajomba. Kila mtu pale alikuwa akiusema bila kufikiri. Lakini sikuwahi kumsikia baba yangu akisema kwa kinywa chake kwamba hana mtoto.

Mjomba alikuwa amekuja kuninyakua. Hilo sina shaka nalo, alikwisha kunibana kifundo cha mkono. Sasa alichotaka kukinyakua alikuwa amepewa, tena kwa unyenyekevu, na mbele ya watu, na hakuna aliyemnyang'anya kitu. Angekataa, angeonekana mtu mdogo kuliko aliyechuchumaa. Mwishowe akasema, "Inuka, shemeji. Unachafua nguo." Akapita kwenye mwanya wa ua, yeye ambaye mpaka hapo hakuwa amekanyaga uwanja ule, akanipeleka hadi mbele.

Padri alikuwa ameiva uso. "Nimemwita baba yake," alisema.

"Baba yake ameniomba," mjomba akajibu. "Nami nimekubali. Sasa wewe unakataa nini?"

Kila mtu alingoja. Mwalimu alitazama viatu vyake. Hata wazee wa kahawa waliweka vikombe chini. Padri alitazama watu, na nadhani aliona kwamba akinikataa mimi, mwaka unaofuata hatapata msichana hata mmoja kutoka mlima ule. Aliunyoosha mkono wake polepole. Mjomba akaweka mkono wangu ndani yake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi ndiye nimemtoa. Mambo yake yote niulizwe mimi." Padri akasema sawa, mambo yake yote utaulizwa wewe.

Watu wakapumua, ngoma ikalia, wali ulioungua ukaliwa. Mjomba aliketishwa meza ya Padri, kwenye nafasi ya baba. Baba alikula na vijana waliobeba kuni.

Sikufikiri sana juu ya maneno ya Padri. Nilikuwa nakwenda mjini, nani angefikiri? Mjomba mwenyewe alinishusha mlimani baada ya mavuno, akanifikisha mlangoni kwa masista, akaondoka, na katika miaka yangu yote pale hakurudi hata mara moja. Alikuwa amekwisha kushinda, na mji haukumpendeza.

Kwa masista palikuwa na sheria. Msichana anatembelewa na aliyemkabidhi, au mtu aliyetumwa naye. Wengine wote, hata wakijiita nani, wanarudishwa.

Msimu wa kwanza wa maharage nilikuwa nikifagia baraza la mbele nikaona mtu mrefu anakuja na mzigo kichwani. Nilitupa ufagio nikataka kukimbia, kisha nikasikia sista wa mlangoni akimwuliza, "Wewe ni nani wa huyu mtoto?"

Baba akatua mzigo. Akakohoa.

"Nimetumwa na mjomba wake," alisema.

Hakutumwa na mtu. Alikuwa ametembea tangu usiku na maharage aliyopalilia mwenyewe, kwenye shamba aliloachiwa na shemeji yake. Sista akamruhusu asimame chini ya ngazi, akaniita nije nimsalimie mtu wa mjomba wangu. Niliokota ufagio, nikauegemeza ukutani, nikashuka.

"Shikamoo," nilisema, na kuishia hapo, kama tunavyomsalimia mgeni.

"Marahaba," akasema. "Mjomba wako anakusalimu sana."

Tulisimama tukatazamana. Sista alipoingia ndani na maharage ndipo nilipomwita baba, kwa sauti ndogo, naye akaitika kwa sauti ndogo vilevile.