Hedifoni za Bei Mbaya, Masikio ya Karasha

Kuna kipindi cha maisha yangu, kama miaka miwili hivi, ambacho watu wakiniona nakuja walikuwa wanajifanya wamepigiwa simu. Sikuwa mlevi wala mgomvi. Tatizo langu lilikuwa hedifoni. Kabla hujamaliza kuniuliza habari za nyumbani, nimeshaanza kukueleza tofauti kati ya hedifoni zilizofungwa nyuma na zile zilizo wazi, na kwa nini besi nyingi si lazima iwe besi nzuri.

Mimi ni fundi umeme. Nimefanya kazi Geita muda mrefu, kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu, na miaka ya mwanzo yote niliimaliza pembeni ya karasha, zile mashine za kuvunja mawe. Karasha ikiwashwa, watu wawili waliosimama bega kwa bega huongea kwa mikono. Tulipewa vizibo vya masikio. Vyangu nilivining'iniza shingoni kama mkufu, kwa sababu niliamini fundi wa kweli anausikiliza mtambo wake, na pia kwa sababu vilikuwa vinawasha.

Ugonjwa wenyewe ulianzia kwenye bwalo la chakula. Dada mmoja mjiolojia, mgeni kutoka Dar es Salaam, alikuwa amevaa hedifoni kubwa nyeusi, amefumba macho, wali wake unapoa. Nikamuuliza anasikiliza nini. Badala ya kunijibu akazivua, akanivalisha. Ulikuwa muziki wa dansi wa zamani, wimbo niliousikia tangu utotoni kwenye redio ya betri iliyofungwa kwa mpira. Lakini safari hii mpiga gita alikuwa amekaa upande wangu wa kulia, karibu kabisa, na nikasikia kidole chake kinavyoteleza juu ya waya kabla ya kupiga. Halafu mwimbaji akavuta pumzi. Miaka yote ile sikujua kama yule bwana alikuwa anavuta pumzi.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia," nikajibu, na sauti yangu ikatoka na kakilio kadogo ambako hadi leo naomba hakukasikia.

Ningemrudishia mali yake nikamalizia chakula, mambo yangeishia pale. Badala yake nilikaa miezi kadhaa nikijinyima, nikaagiza za kwangu, tena za daraja la juu kuliko zake. Zikaja kwa basi kutoka Dar, ndani ya boksi lililovimba kama lina keki ya harusi. Mke wangu akasimama mlangoni kuziangalia. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Anaangalia kila kitu kama daftari linalosubiri kusahihishwa.

"Mbona zina matundu?"

"Ndivyo zilivyo. Ni za wazi. Sauti inapumua."

"Inapumua," akarudia polepole, kama mtu anayepewa majibu ya mgonjwa. Kisha akauliza bei. Nikamtajia namba. Ilikuwa namba ya kweli, ila haikuwa bei ya zile hedifoni.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba hedifoni mpya sharti zipigishwe muziki mfululizo kwa siku kadhaa ili zilainike, kabla hujathubutu kuzihukumu. Nikaziwasha, nikazizungushia blanketi, nikazilaza kitandani upande wangu. Siku ya pili mke wangu akarudi kazini mapema, akakuta kitanda kinaimba. Alipiga kelele hadi jirani akaja na mwiko mkononi. Kwa wiki nzima baada ya hapo, yule jirani akiniona anaulizia afya ya mtoto wangu wa blanketi.

Pea moja haitoshi mtu anayelinganisha. Nikanunua ya pili, zilizofungwa nyuma, ili niwe na ya kuzipambanisha. Nikajiunga na kundi la simu la wapenzi wa sauti, wanaume kama sita wa Kanda ya Ziwa, na humo ndimo nilimopotelea kabisa. Kila Jumapili mchana baada ya ibada nilikuwa naketi na daftari, nasikiliza kipande kilekile cha wimbo kwenye pea hii, halafu ile, halafu hii tena, kisha nawaandikia wenzangu hukumu. Niliandika kwamba trebo, yaani sauti za juu, kwenye pea ya wazi "inang'aa bila kuchoma." Niliandika kwamba matoazi "yanaanguka kama mchanga mkavu kwenye sinia." Wenzangu walikuwa wananiita profesa. Mimi nakanusha, halafu naenda kuusoma ule ujumbe wa kuniita profesa mara ya pili.

Mke wangu alinivumilia hadi niliponunua waya. Waya mtupu, wa kuunganishia hedifoni, uliosukwa kama nywele za bibi harusi. Nilimweleza kwamba waya uliokuja na hedifoni ulikuwa unaibana sauti.

"Wewe si fundi umeme?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na umeme unaupitisha kwenye waya wa aina gani hapa nyumbani?"

"Hayo ni mambo mawili tofauti, Mama Mapacha."

Watoto wetu ni mapacha, na tangu wazaliwe hatujaitana kwa jina lingine. Hakubishana. Akachukua kitenge chake, akanifunga macho. Akasema atanichezea wimbo mmoja mara nne, akibadilisha waya anavyotaka, nami nitamwambia ni waya upi. Nikakubali kwa dharau. Nikamsikia anahangaika mezani, anachomoa, anachomeka, anaguna. Wimbo ukaanza.

"Huu wa zamani," nikasema mara moja. "Sikia, sauti imejikunyata."

Akachezea mara ya pili. "Ahaa! Hapa umeweka mpya. Pamefunguka. Unasikia lile gita lilivyopata nafasi?" Mara ya tatu nikasema wa zamani. Mara ya nne mpya, na nikaongezea maelezo ya ziada kuhusu matoazi, maana nilihisi anaandika.

Alipokuja kunifungua kitenge, mapacha walikuwa wamejaa kwenye kochi wakicheka hadi mmoja amelala sakafuni. Waya mpya ulikuwa bado umo ndani ya pakiti yake, haujakatwa hata selotepu.

"Sijabadilisha kitu, Baba Mapacha," mke wangu akasema, kwa upole kabisa. Upole ule uliuma kuliko kicheko.

Ungedhani pale ningejifunza. Sikujifunza. Nilijieleza kwamba kitenge kilikuwa kimenibana masikio.

Mwaka uleule tukaitwa kupima afya kazini, kama kawaida ya kila mwaka. Miaka iliyotangulia kipimo cha masikio nilikuwa nakikwepa kwa kisingizio cha dharura kwenye mtambo. Safari hii nilikwenda kwa hamu, tena kifua mbele. Nikaingia kwenye kile kijichumba chenye kuta za sponji, nikamkuta muuguzi, mama wa makamo, ana miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Alipotaka kunivalisha hedifoni za kupimia nikazishika kwanza, nikazigeuza, nikaziminya mito yake.

"Sista, hizi ni za kizamani sana," nikamwambia. "Mito imeshachakaa. Zikishindwa kukaa vizuri kichwani besi yote inavuja."

"Sawa, baba. Hatuchezi muziki. Ukisikia mlio, bonyeza kitufe. Hata ukiwa mdogo kiasi gani."

Nikabonyeza, nikabonyeza, mambo yanakwenda. Halafu pakawa kimya. Nikasubiri. Kimya. Kupitia kioo nilimwona anazungusha vitufe vyake, ananiangalia, anazungusha tena. Nikamhurumia. Nikafungua mlango nikachungulia.

"Sista, nadhani mashine yako imekwama."

Akavaa zile hedifoni mwenyewe, akabonyeza, akatikisa kichwa. Akaniita nikae. Akageuza karatasi upande wangu. Palikuwa na mistari miwili, ya sikio la kulia na la kushoto, inatembea vizuri kama njia ya tambarare, halafu yote miwili inatumbukia shimoni, wa kushoto zaidi.

"Mashine ni nzima," akasema. "Sauti za chini unazisikia vizuri. Hizi za juu, za kushoto karibu zote zimekwenda, na za kulia zimebaki kidogo. Umefanya kazi kwenye karasha?"

"Miaka tisa."

"Ulivaa vizibo?"

Nikajishika shingoni, pale vilipokuwa vinaning'inia. Sijawahi kuulizwa swali fupi lenye majibu mengi kiasi kile.

"Sauti za juu kama zipi, sista?"

"Ndege wadogo. Maneno yenye s na f, hasa watoto wakiongea. Kwenye muziki, kama matoazi."

Nilitoka pale nikaenda kukaa nyuma ya stoo ya vipuri. Kwanza nilifikiria watoto. Kumbe mara zote nilizokuwa nawagombeza wasinong'onezane mbele yangu, walikuwa hawanong'oni. Halafu, samahani, nikafikiria lile kundi la simu. Nilikuwa nimewaandikia watu wazima aya kumi na tano kuhusu matoazi. Mwenzetu mmoja wa Kahama alikuwa ameuza hedifoni zake nzuri kabisa kwa sababu profesa alisema trebo yake haina kung'aa.

Kwa wiki tatu sikumwambia mtu. Na kibaya zaidi, niliendelea kuandika hukumu. Ndiyo, niliendelea. Jumapili moja mke wangu akaniuliza mbona nimeongeza sauti ya runinga hadi kioo cha kabati kinatetemeka, nikamwonyesha karatasi ya muuguzi. Akaisoma yote, mbele na nyuma. Nilitegemea kicheko, nikajiandaa nacho. Akakaa pembeni yangu, upande wa kulia. Tangu siku ile anakaa upande wa kulia.

"Waambie na wenzako," akasema.

Nikawaandikia. Nilifuta ujumbe mara nne, mwisho nikaandika kwa kifupi: profesa hasikii sauti za juu, matoazi yote niliyowaelezea niliyasoma kwa watu wengine, yule wa Kahama anisamehe. Nikaweka simu kifudifudi mezani kama kadi mbaya. Ilipoanza kulia sikutaka kuigeuza.

Wa kwanza kujibu alikuwa mchoraji wa mabango wa Chato, aliyesema hedifoni anazozisifia kila wiki hajawahi kuzishika, anaziona kwenye picha tu. Mwingine, mpiga muziki wa kumbi za harusi, akasema sikio lake moja linalia filimbi tangu zamani, usiku na mchana, na alidhani ni yeye peke yake. Yule wa Kahama hakuandika kitu mpaka jioni. Kisha akatuma sauti yake, akicheka, akasema aliyezinunua ni shemeji yake na bado huwa anaziazima kwake.

Sikuacha kusikiliza. Ila nilianza upya, kama mtu anayejifunza kula baada ya kuumwa tumbo. Nilipunguza sauti hadi nusu ya nilivyozoea, na kumbe ukikaa pametulia dakika kumi, masikio yenyewe yanaijia sauti ilipo. Nilibadilisha mito iliyochakaa, nikajifunza kuvaa bila kofia wala miwani kupitia kwenye mito, kwa sababu uwazi mdogo tu unavujisha besi. Kwenye simu nikakuta sehemu ya kupunguza upande wa kulia ili wa kushoto usiachwe nyuma. Ilikuwepo siku zote, bure, na ilinisaidia kuliko ule waya. Na kazini navaa vizibo, tena nawahubiria na wengine wavae. Mafundi wapya wananiona nakuja, wanajifanya wamepigiwa simu.

Mwezi wa nane nikaenda kijijini kwetu, Samuye, kumsalimia mama yangu, nikazibeba zile zilizofungwa nyuma. Yeye ana umri mkubwa, hajawahi kukaa karibu na karasha hata siku moja. Amesikiliza ng'ombe na mvua maisha yake yote. Tulikuwa uani asubuhi, anachambua choroko. Nikamvalisha juu ya kilemba, nikakumbuka somo langu, nikamwomba akivue kwanza. Akalalamika, akakivua. Nikamwekea wimbo wa ngoma ya Kisukuma uliorekodiwa vizuri sana, ambao nilikuwa nimeusikiliza pengine mara mia.

Akaacha kuchambua, choroko mkononi. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya wote wanaovaa hedifoni mara ya kwanza:

"Huyu wa nyuma anazicheza vizuri njuga zake!"

"Nani, mayu?" nikamuuliza, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

"Huyu mwenye njuga miguuni. Huyu hapa. Yuko nyuma ya wenzake."

Nikazivaa mimi. Nikasikia ngoma, nikasikia waimbaji, vumbi lenyewe nikalisikia. Njuga sikuzisikia. Nikageuza hedifoni, kushoto kulia, kulia kushoto. Nikafumba macho. Hakuna mtu mwenye njuga.

"Ziko wapi, mayu?"

Akanitazama, na nadhani alielewa. Akazichukua, akazivaa tena, akanisogelea na kigoda chake. Wimbo ulipoanza, akaweka kidole chake kwenye goti langu, akawa anagonga kila njuga ilipolia. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Ngoma yenyewe nilikuwa naijua kwa kichwa, na yule mtu alikuwa fundi kweli: alikuwa anachelewa kidogo nyuma ya ngoma, makusudi, kisha anaiwahi.

Tuliurudia mara tatu. Mara ya nne nilimwambia apumzike, kidole kitachoka. Akasema hakijachoka, ila hicho kitu kinabana kichwa, na tena ni kizito, na mtu aliyeniuzia kwa bei yoyote ile amenipiga. Akauliza kama naweza kumwekea wimbo mwingine.