Darasa Lilipindua Sahani, Mimi Nikabaki na Kijiko Mkononi

Siku ya kuaga shule, darasa letu zima lilipindua sahani mezani mbele ya wazazi. Mimi peke yangu nikabaki nimeshika kijiko, wali mdomoni.

Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Wacha niwaeleze, kwa sababu hadi leo nikikutana na mmoja wao pale sokoni Kibuye akaniita "sista", damu inachemka.

Ilikuwa Novemba 1973, shule ya wasichana hapa Kisumu. Jina lake nalificha. Mimi ni Nabalayo. Baba alikuwa fundi wa reli kutoka Bungoma. Wenzangu wengi walikuwa wa hapa hapa ziwani, kwa hivyo tangu siku ya kwanza nilikuwa jamwa, mtu wa kuja.

Lakini tulisukana nywele, tukaibiana sabuni, tukacheka. Hiyo haikuwa shida.

Shida ilianza kidato cha tatu, na Seline Ogola.

Seline alitoka Dunga, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, mama yake muuza samaki. Huyo msichana alijua kuiga! Akimuiga naibu wa mwalimu mkuu, Madam Dorca, anavyotembea na mkoba kwapani, bweni zima lilikuwa likilia kwa kicheko.

Kisha akaanza kukonda. Uso ukakonda, mikono ikakonda, tumbo likavimba. Ugali ukamshinda. Asubuhi anatapika nyuma ya bafu.

Siku moja kwenye paredi, Madam Dorca akamwita mbele.

"Geuka upande. Wote wakuone. Mnaona faida ya kupenda wanaume?"

"Madam, sina mimba. Naumwa."

"Kila mwenye mimba huumwa."

Seline alifukuzwa siku hiyo hiyo, sanduku kichwani, sare bado mwilini. Hakuna aliyefungua mdomo.

Jioni bwenini swali lilikuwa moja: nani alimpelekea Madam habari?

Mimi nilikuwa prifekti wa bweni. Beldina, rafiki mkubwa wa Seline, akasimama juu ya kitanda akaninyooshea kidole.

"Si huyu jamwa? Nani mwingine anaingia ofisini kila siku?"

"Beldina, naapa kwa Mungu..."

"Nyamaza!"

Basi. Kesi ikasikizwa hapo, hukumu ikatolewa hapo.

Wakanibatiza Redio. Nikiingia bafu, mtu anasema, "Fungeni midomo, Redio imefika." Nikitaka kulala, godoro limelowa maji. Nikikaa mezani, wote wanahama benchi. Lornah, ambaye nilimuuguza malaria kwa mikono yangu hii, alinipita kama nguzo ya stima.

Hivyo hivyo mpaka mwisho wa kidato cha nne. Sikulia mbele yao hata mara moja. Nilisoma kwa hasira, nikala kwa hasira, nikaomba kwa hasira.

Sasa turudi kwenye sherehe.

Mtihani ulikuwa umeisha. Wazazi wamejaa ukumbini, mama yangu akiwa na kitambaa kipya kichwani. Lornah akasoma hotuba ya darasa: tulivyokuja wadogo, tulivyolia pamoja, tulivyopendana kama ndugu.

Kama ndugu! Nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye meza ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni. Ndiyo sababu nilipakuliwa kabla ya wenzangu, sahani zao zikiwa bado tupu.

Madam Dorca akasimama. "Hili ni darasa lililokuwa na nidhamu..."

Kwa! Beldina akapindua sahani yake. Jirani yake akafuata. Meza kwa meza, sahani zote mdomo chini.

"Hatuli na mtu aliyemfukuza Seline," Beldina akasema kwa sauti. "Na yule anayekula pale nyuma, mnamjua ni nani."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Mama yangu pia.

Nilidhani Madam atatetemeka. Wapi! Alicheka.

"Wewe Beldina? Si ni wewe ulikuja ofisini kuniambia tumbo la Seline linakua?"

Yawa! Ukumbi ukalipuka.

Mmoja akamvuta Beldina nywele. Mwingine akamtemea mate. Wale wale waliokuwa wakimfuata kama vifaranga.

"Nilisema ni mgonjwa!" Beldina alipiga kelele. "Nilimwomba ampeleke Russia!" Ndivyo tulivyoiita ile hospitali kubwa iliyojengwa na Warusi. "Sikutaja mimba! Niliogopa mtanila mimi!"

Kwa hivyo akawapa mimi wanile. Asante sana, Beldina.

Lornah akanijia mbio, mikono wazi. "Nabalayo, sista yangu, tusamehe. Hatukujua."

"Toa mkono wako."

"Lakini tumejua ukweli sasa..."

"Nimesema toa."

Nikatazama meza ya wakubwa. Madam Dorca alikuwa ameketi, anakata nyama yake polepole. Wasichana wanararuana, yeye anatafuna. Alikuwa amerusha mfupa tu, na darasa likaukimbilia.

Nikapanda juu ya benchi.

"Madam! Beldina alipokuambia Seline ni mgonjwa, ulimpeleka kwa daktari gani?"

Mzee Oketch, mwenyekiti wa bodi, alikuwa kando yake. Akaweka kijiko chini.

"Mwalimu, mtoto ameuliza."

"Mzee, mimi ni mwanamke mtu mzima. Mimba naijua nikiiona."

"Nimekusikia. Daktari gani?"

Madam akasukuma sahani yake ya nyama kando.

Mwaka mpya ulipoanza Madam Dorca hakuwa pale tena. Hakufutwa, alihamishwa. Wakubwa huhamishwa.

Wiki ile ile ya sherehe nikaenda Dunga kumpelekea Seline habari. Nilitembea kifua mbele, nawaambia ukweli.

Nilimkuta ufuoni anapaa samaki magamba na mama yake. Mwembamba bado, lakini tumbo limeisha. Kumbe ilikuwa kichocho. Mama yake ndiye aliyempeleka hospitali, akatibiwa, akapona. Shuleni hakurudi. Hakuna aliyemwita.

Nikamsimulia yote. Sahani, Beldina, Mzee Oketch. Aliendelea kupaa samaki.

"Hilo swali la daktari ulimuuliza lini?"

"Siku ya sherehe."

"Baada ya mtihani."

"Ndiyo, baada ya mtihani."

"Na siku ile nimegeuzwa upande kwenye paredi, wewe prifekti ulisimama wapi?"

"Mstari wa mbele."

Akainua macho. "Si nilisema pale pale kwamba naumwa? Mlinisikia wote. Swali mlikuwa nalo, Nabalayo. Mlingoja kwanza mmalize masomo yenu."

"Seline, mimi nilikuwa mtoto tu..."

"Mimi nilikuwa nani? Nenda, bwana. Jua linawaka, samaki wangu wataharibika."

Niliondoka nikimlaani. Nimemtetea mbele ya ukumbi mzima, yeye ananifukuza kama mbwa! Nilimlaani mpaka nikafika mjini, na nilipofika mjini sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina.

Nyinyi mnaosoma hii, sikieni. Mtu akionewa mbele yako, uliza papo hapo, angali amesimama pale. Ukingoja mpaka iwe salama kuuliza, utapigiwa makofi na kila mtu, isipokuwa yeye.