Gitaa la Nyuzi Saba la Adongo

Sitati alimdhulumu mkewe, Adongo, mbele ya watu. Kwenye harusi moja pale Njoro alishika maiki akasema gitaa linalosikika kwenye nyimbo zote za bendi yake alilipiga yeye, na kwamba Adongo kazi yake ilikuwa kumbebea vyombo tu. Adongo alikuwa nyuma ya jukwaa, vidole vikiwa na sugu za kulipiga gitaa hilohilo. Baadaye Sitati akaoa mwimbaji, akachukua magitaa mazuri, akamwachia Adongo lile bovu katika chumba chao cha mtaa wa Bondeni.

Lile bovu lilikuwa la nyuzi saba. Uzi wa ziada ni mnene na sauti yake huenda chini kama besi, kwa hivyo mtu mwenye gumba kali hupiga besi na gitaa kwa pamoja. Lina nafasi mbili za sumaku ya kunasa sauti: moja shingoni, nyingine karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa. Sumaku mojawapo ilikuwa imeungua. Iliyobaki ingekaa upande mmoja tu.

Alianza kuwaza ikae wapi siku jirani yake Chepkosgei alipomjia. Mpwa wa Chepkosgei alikuwa anaolewa huko Kuresoi, na upande wa bwana harusi ulikuwa umeita bendi ya Sitati.

"Sisi pia tunataka mtu wetu," Chepkosgei alisema. "Utaweza peke yako?"

"Nitaweza," Adongo akajibu. Akiaibika huko, uongo wa Sitati ungekuwa ukweli milele.

Makhanu, fundi wa redio, aliifunga sumaku shingoni. "Mathe, uzi mnene kama huu unataka shingo. Sikia utamu!"

Na kweli ilikuwa tamu. Ndani ya kibanda cha fundi sauti ilijaa, nzito na laini kama uji wa moto. Adongo alifumba macho, kisha akayafumbua. Wapiga gitaa wote aliowajua huchagua sauti wakiwa chumbani, halafu wanaenda kuipiga uwanjani penye vigelegele.

"Wewe piga hapo mlangoni," akasema. "Mimi naenda kusimama kisiagini."

Kisiagi kilikuwa kinanguruma, kinasaga mahindi ya watu. Makhanu akapiga, na ule uzi mnene ukapotea kabisa. Kilichomfikia Adongo ni mtetemo tu, noti zimeshikana kama ugali mbichi.

"Hamishia darajani!"

Kwa karibu, ile sauti mpya ilikuwa kali kama mtu anayegombana. Kule kisiagini kila noti ilipita kwenye ule mngurumo ikiwa peke yake, safi.

"Lakini inakwaruza masikio, mathe."

"Wacha ikwaruze. Hata mimi nimekwaruzwa vya kutosha."

Siku ya harusi Sitati alimwona akishuka na gitaa, akacheka. "Adongo! Jikoni ni upande ule."

"Najua. Nimewaambia wakuwekee chakula, maana utamaliza mapema."

Bendi ya Sitati ilianza na ule wimbo unaopigwa sana redioni. Hema likatetemeka, lakini besi na gitaa vilivurugana, na wazee wakaendelea na mazungumzo yao ya viazi.

Kisha Adongo akaketi kwenye kreti ya soda, akaanza wimbo uleule. Gumba lilitembea kwenye uzi mnene, vidole vikakimbia juu yake. Akina mama walipiga vigelegele, watoto wakapiga kelele, na sauti ikapita katikati yao bila kupotea. Wale wazee wa viazi wakageukia gitaa. Mmoja akasimama.

"Ngojeni! Huo si ndio mkono wa lile gitaa la redioni? Kumbe ni huyu mama!"

Upande wa bwana harusi ukavuka uwanja wote kuja kucheza kwake. Yule mwimbaji aliyeolewa na Sitati naye akaja, viatu mkononi. Adongo alipiga hadi jasho likamwingia machoni, akicheka kwa sauti, na kila alipotaka kupumzika walimzuia.

Tangu siku hiyo harusi za kuanzia Molo hadi Naivasha humwita kwa jina lake. Watu wanajua. Sitati pia anajua, maana alifunga vyombo vyake bila kumtazama. Ila bado hajatamka, na maneno ya watu wengine hayawezi kumlipia deni hilo. Ni yeye Sitati anayedaiwa kusimama hadharani na kusema mkono ule ni wa Adongo.