Gesi Isiyodhuru Anga

Kasiva na Wakiuru walijuana kwenye foleni ya maji huku Mbotela, mwaka ambao mabomba ya mtaa yalikauka na watu wakawa wanasukumana kama ng'ombe. Wakiuru alikuwa na mtoto mgongoni. Kasiva, Mkamba wa kutoka Mwala, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, aliuchukua mtungi wa Wakiuru akauweka mbele ya wake mwenyewe na kuwaambia waliokuwa nyuma, "Mwenye neno aniambie mimi." Wakiuru akateka maji kwanza. Mtoto yule wa mgongoni ndiye Nyawira, ambaye tutamfikia.

Wakiuru alipoachwa na mumewe, Kasiva ndiye aliyemtafutia kazi. Alimpeleka kwa Bwana Maingi, msimamizi wa kampuni ya bima huko mjini ambako Kasiva mwenyewe alikuwa akipiga deki. Wakiuru akaandikwa. Tangu hapo wakawa wanatembea pamoja Jogoo Road kila asubuhi, wamevaa sandak za plastiki miguuni, viatu vya ofisi wamevifunga kwenye mfuko. Wakiuru alikuwa msemaji. Alimtania mwenzake kwamba muthokoi, yale mahindi ya Kikamba yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, si chakula cha ajabu, ni githeri ya Kikuyu iliyovuliwa nguo. Kasiva hakucheka hadharani, lakini akifika nyumbani aliwasimulia Mativo na wanawe wengine na kucheka hadi machozi.

Kazi yao kubwa ilikuwa chini ya jengo, katika chumba kirefu kisicho na dirisha. Humo mlihifadhiwa mafaili ya kampuni na kompyuta kubwa zilizokuwa zikinguruma mchana kutwa. Ukutani palipangwa mitungi myekundu ya gesi ya kuzimia moto. Maji yasingefaa humo, yangeharibu kila kitu.

Mwaka wa tisini na tatu fundi mmoja aliwasha sigara humo ndani. King'ora kikalia, na kabla wanawake hao wawili hawajajua la kufanya, gesi ikafyatuka. Wakiuru alipiga magoti akaanza kumwita Mungu kwa Kikuyu. Kasiva alijifunika uso kwa leso. Kisha kelele zikaisha, wakatazamana, wakakuta wako hai. Macho yaliwawasha kidogo tu. Bwana Maingi alishuka mbio, akawakuta wanacheka kwa woga, naye akacheka.

"Hiyo gesi haiui mtu, mama," alisema. "Inaua moto tu."

Akawanunulia chai na mandazi. Wakiuru alikisimulia kisa hicho Mbotela nzima, na kila alipokisimulia sauti ya gesi ilizidi kuwa kubwa.

Miaka mitatu baadaye ikaja habari kutoka kwa wakubwa wa ng'ambo. Gesi ile ya zamani, iitwayo haloni, ilikuwa inaharibu tabaka la hewa huko juu linalotukinga na jua kali. Dunia nzima ilikuwa inaiacha. Na ni kweli, hilo hakuna anayelipinga. Mitungi ikang'olewa, ikaletwa mingine mirefu zaidi na mingi zaidi, safu mbili. Siku ya kuizindua walifanya semina kwenye ukumbi wa juu, kwa soseji na sambusa. Makarani waliitwa, mameneja waliitwa, hata madereva waliitwa. Wanawake wa usafi waliitwa semina ilipokwisha, kuondoa sahani.

Wakiuru alimuuliza Bwana Maingi, "Na hii mpya ni ya nini?"

"Ya kulinda mazingira. Haidhuru anga hata kidogo. Ni hewa tu, ile inayotiwa kwenye soda."

Mlangoni pale chini wakabandika kibao chekundu chenye maneno mengi ya Kiingereza. Wakiuru alikuwa ameisoma Biblia ya Kikuyu kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini kile kibao alikipangusa vumbi tu, kama alivyopangusa vingine vyote.

Siku ya ajali ilikuwa ya kawaida. Mafundi wa umeme walikuwa wakitoboa ukuta kwenye ukumbi wa chini, na vumbi la saruji likapenya kwenye tundu la waya hadi ndani ya chumba cha mafaili. Kile kidude cha darini kinachonusa moshi hakikujua vumbi ni vumbi. Kasiva alikuwa ametoka kubadilisha maji ya ndoo. Aliposikia king'ora aliweka ndoo chini, akarudi mlangoni. Wakiuru alikuwa amepanda kwenye stuli, anapangusa juu ya makabati.

"Mama Nyawira, toka!"

"Si ni kile cha siku ile?" Wakiuru alijibu bila kugeuka. "Wacha nimalizie hapa, nisije nikapanda tena."

Gesi ikafyatuka kwa kishindo. Safari hii haikuwa kama ile ya kwanza. Ukungu mweupe ulishuka sakafuni na kujaa, baridi kama ya friza ya bucha, na mlango ukajifunga wenyewe kwa nguvu ya springi. Kasiva aliusukuma kwa bega, akaingia. Alivuta pumzi moja tu. Ilimchoma puani hadi kwenye ubongo, akaanguka, na hakujua tena alipo. Askari wa mlangoni ndiye aliyemshika gauni na kumburuta hadi kwenye ngazi.

Zimamoto walipofika, mmoja wao alikuwa Muasya, jirani yetu hapa Mbotela. Alishuka akiwa na kinyago usoni na mtungi wa hewa mgongoni, akapanda amembeba Wakiuru begani. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine hauna. Alimlaza kando ya barabara, akavua kinyago, akajaribu kumpulizia pumzi, akajaribu sana. Watu walizunguka. Mwanamume mmoja aliyevaa tai akauliza moto uko wapi.

"Hakuna moto," Muasya alisema, bado amepiga magoti. "Hakukuwa na moto."

Wiki ile ile Muasya alikuja kwa Kasiva kumpa pole. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, kofia mapajani.

"Mama Mativo, ile ya zamani ilizima moto na mtu akabaki anapumua. Hii mpya inaifukuza hewa. Moto unakosa pumzi, na mtu naye anakosa."

"Kwa hiyo walituletea sumu."

"Sitasema hivyo. Hata sisi tunaitumia. Ni kweli haiharibu anga kama ile nyingine. Lakini mtu haingii mahali hapo kufanya kazi kabla haijafungwa. Kuna ufunguo wa kuifunga."

"Huo ufunguo sijawahi kuuona."

Muasya aliizungusha kofia yake. "Uko kwenye droo ya Bwana Maingi. Tulimwomba siku ile tukaingia nao. Ulikuwa bado kwenye plastiki yake."

Kampuni iliunda kamati ya kuchunguza. Kasiva aliitwa mbele ya wanaume watatu. Alikuwa amejiandaa usiku kucha kusema kila kitu, ya semina, ya soda, ya ufunguo. Hawakumuuliza hayo.

"King'ora kililia?"

"Kililia."

"Ulimwambia marehemu atoke?"

"Nilimwambia."

"Akajibu nini?"

"Alisema, 'Wacha nimalizie hapa.' Alisema hivyo kwa sababu Bwana Maingi alituambia..."

"Asante, mama. Hiyo inatosha."

Na kweli iliwatosha. Ripoti ikasema marehemu alionywa na king'ora, akaonywa na kibao, akaonywa na mwenzake, akakaidi. Kasiva alisomewa hayo. Maneno yote yalikuwa yake, na hakuna aliloweza kulikana. Kampuni ikatoa jeneza na basi la kwenda kumzika kwao Murang'a, na Bwana Maingi akasoma salamu za rambirambi huko kwa sauti nzuri.

Mvua ziliponyesha na kukatika, kampuni ikatunukiwa cheti cha kuilinda anga. Wageni wakajaa kwenye ukumbi ule wa semina. Kasiva alipewa kofia nyeupe na sinia la soda, azunguke nalo. Mzungumzaji wa heshima, bwana mmoja wa suti ya kijivu, akasema kwamba kwa hatua kama hizo watoto wetu watavuta hewa safi. Watu wakapiga makofi.

Kasiva aliliweka sinia juu ya meza. "Na Wakiuru?" aliuliza.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza kama basi limepita. Bwana wa suti ya kijivu akamtazama Bwana Maingi ili aambiwe Wakiuru ni nani. Bwana Maingi akamshika Kasiva kiwiko, akamtoa nje kwa upole, na mwezi haukuisha kabla hajaambiwa kwamba umri wake umesonga na kazi ya kupanda na kushuka ngazi si yake tena.

Alianza kuuza sukuma wiki na nyanya nje ya nyumba. Nyawira, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne na hana kazi, alihamia kwake baada ya mazishi. Waliishi vizuri hadi siku Bwana Maingi alipokuja na gari lake, akaegesha karibu na nyanya, akasema kampuni ina huruma na imemwekea binti nafasi ya mama yake.

Gari lilipoondoka Kasiva alisema, "Usithubutu."

"Acha niishike hiyo job, Mama Mativo. Sina form ingine ya kupata pesa."

"Utapiga deki pale mama yako alipoanguka?"

"Nitapiga. Landlord akitaka rent hatuulizi alianguka wapi." Nyawira alikuwa analia kwa hasira. "Na nani alimpeleka huko? Si ni wewe?"

Kasiva aliinama akazipanga nyanya upya, ingawa zilikuwa zimepangwa. Jumatatu alipomwona msichana anafunga viatu vya ofisi kwenye mfuko, alimwendea.

"Ukisikia king'ora, acha kila kitu. Ukiwa na ndoo, iache. Kiatu kikichomoka, kiache. Usimngoje mtu akuambie."

"Na kama kimelia bure?"

"Toka."

"Watanifuta kazi."

"Wakufute."

Nyawira alienda. Baada ya siku chache alileta habari kwamba ufunguo sasa unaning'inia ukutani karibu na mlango, ndani ya kisanduku cha kioo. Kisanduku kina kufuli, na ufunguo wa kufuli uko kwa Bwana Maingi. Kasiva alimsikiliza hadi mwisho, akatema mate pembeni.

Siku moja mwezi wa sita king'ora kililia. Nyawira aliiacha ndoo imepinduka, akapanda ngazi mbio, akapita mapokezi, akatokea barabarani bila viatu, na hakusimama hadi ng'ambo ya pili. Lilikuwa jaribio tu la mafundi. Wafanyakazi wa mapokezi walimcheka. Bwana Maingi akamkemea mbele ya wateja kwa kumwaga maji na kuiaibisha kampuni, akamwambia akirudia atafute kazi kwingine.

Alirudi nyumbani. Kasiva alipomuuliza, akaeleza yote. Kasiva alifunika mboga zake kwa gunia ingawa jua lilikuwa bado juu na wateja bado wanapita. Akaenda hadi soko la nyama la Burma kwa miguu, akanunua nusu kilo ya nyama, ya mfupa kidogo na mafuta, akaja akaipika mwenyewe.

"Ulitoka," Kasiva alisema walipokuwa wakila. Kasiva alimwongezea mchuzi mara mbili bila kumuuliza. Asubuhi Nyawira akaamka, akafunga viatu vyake kwenye mfuko, akaenda kazini.