Mstari Nilioukata Kwenye Risala ya Kiriba

Mwanangu, iko siku moja ambayo sijawahi kuisimulia hadi mwisho. Hata mama yako anaijua nusu. Juzi uliponipigia simu kutoka Nyakato, furaha imekujaa, ukisema umepata kazi ya ukatibu wa mbunge, nilikupongeza kisha nikanyamaza, nawe ukaniuliza kulikoni. Niliingiwa na hofu, ndivyo ilivyokuwa. Sasa nakaa nikuandikie.

Kazi hiyo niliifanya nikiwa na umri kama wako. Mbunge wetu alikuwa mchapakazi, lakini jimbo kubwa na yeye mtu mmoja, kwa hiyo katibu ndiye aliyetangulia vijijini, akapanga mikutano na kupokea kero za watu. Nilikuwa na mashati mawili meupe na nilijiona mtu mkubwa kweli kweli. Wazee waliniachia viti. Usicheke, na wewe yatakukuta.

Siku hiyo tulikwenda Kiriba, kwenye kijiji kimoja kando ya ziwa, kufungua madarasa. Desturi yetu unaijua: mgeni rasmi akija, kijiji kinaandika risala, na risala ikishasomwa, kijiji kimesema. Hakuna anayesimama tena kuongeza lake. Ila kabla ya kusomwa, hupitishwa kwa katibu aikague. Mtendaji wa kijiji aliniletea kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono. Shukrani zilikuwepo, madarasa yalikuwepo, barabara ilikuwepo. Karibu na mwisho nikakuta mstari huu: tunaomba kizimba pale tunapochotea maji, mamba amezidi, na watoto wetu ndio wanaotumwa. Kizimba, kwa wewe uliyekulia kwenye bomba, ni uzio wa nguzo na nyavu za chuma ndani ya maji, watu wachote humo mamba asiwafikie.

Mwaka uliotangulia mheshimiwa alikuwa ameahidi kizimba hicho hicho hadharani, na hakuna nguzo hata moja iliyokuwa imesimikwa. Nje wageni walikuwa wameshakaa. Nikamwona mheshimiwa akilini anavyoumbuka mbele yao, nikajiona na mimi naulizwa nilikuwa wapi. Nikachukua peni nikaukata ule mstari.

Mtendaji akasita. "Katibu, huo mstari ni wa Mama Nyangeta. Amezunguka nyumba kwa nyumba mpaka watu wakakubali uwekwe."

"Tutalishughulikia ofisini," nikamjibu. Maneno hayo nayachukia mpaka leo.

Mama Nyangeta alikaa mbele kabisa, ametandika kanga kwenye nyasi, binti yake Nyangeta ubavuni. Risala ilipokuwa inasomwa midomo yake ilikuwa inacheza, maana mstari wake alikuwa ameukariri. Msomaji akafika pale, akaruka, akamtakia mheshimiwa afya njema. Mama yule akamtazama msomaji, akamtazama mtendaji, kisha akanitazama mimi. Nikajifanya naandika. Vigelegele vikapigwa, tukala ugali wa mihogo na sangara, tukaondoka.

Raha ya kazi iliniishia hapo. Tulikwenda Butiama kwa wafugaji, habari za josho la kuogeshea ng'ombe, na kila simu ilipolia nilishtuka. Nilijiambia wanachota pale miaka yote, siku mbili tatu zina nini? Kila asubuhi niliamua kumwambia mheshimiwa, na kila asubuhi nilimkuta na uso mkunjufu, nikaona nisimharibie siku.

Siku ya nane tulikuwa Bunda, kwenye mkutano wa wakulima wa pamba. Mtendaji wa Kiriba akapiga, sauti inakatika katika. "Katibu, mamba amekamata mtu. Pale pale. Tunamleta Musoma." Nikauliza ni nani, simu ikakata. Nikapiga tena na tena, hapatikani.

Nilimnong'oneza mheshimiwa kwamba kuna tukio Kiriba. Akawaomba radhi wakulima, tukaingia garini. Kutoka Bunda mpaka Musoma niliomba njia nzima, na nikwambie nilichoomba: asiwe binti wa Mama Nyangeta, awe mtu mwingine yeyote. Umeona, mwanangu? Nilikuwa namtolea Mungu mtoto wa mwenzangu ili mimi nipone.

Hakuwa Nyangeta. Alikuwa mama yake. Tangu siku ya mkutano alikuwa amemkataza binti kukanyaga ziwani, akawa anakwenda mwenyewe. Wavuvi walimwokoa kwa kumpiga mamba makasia, lakini mkono wa kulia ulikuwa umekwenda, kuanzia kwenye kiwiko.

Mheshimiwa alimpa pole pale kitandani hospitalini, akatoka kwenda kuonana na daktari. Nikabaki mimi na mama yule. Akaanza yeye, polepole.

"Wewe si yule katibu? Ule mstari wangu haukuwaga mzuri, najua. Mimi shule niliishiaga la pili. Ndiyo maana hamkuusoma. Sasa mkono wa kuandikia sina, baba. Niandikie wewe, uuweke vizuri."

Nililia, sikuona haya. Nikamwambia, "Mama, mstari ulikuwa mzuri. Niliukata mimi." Akageukia ukutani. Kisha akasema, "Basi andika."

Niliandika, nikampelekea mheshimiwa pale kwenye korido na kumweleza yote. Nilitegemea matusi. Akaisoma karatasi mara mbili, akasema, "Kwa hiyo Kiriba wanajua nimesahau, na nilipokuja hawakupewa nafasi ya kunikumbusha. Yule mama alipita nyumba kwa nyumba. Na wewe utapita hizo hizo, uwaambie ulichofanya." Nilipita zote kwa miguu. Wengine walinipa maji ya kunywa, wengine walinifungia mlango. Sijui kipi kiliniuma zaidi.

Kizimba kilijengwa. Kilijengwa upesi, na hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo, kwa sababu kumbe lilikuwa jambo la kuwezekana.

Wiki ijayo una mkutano wako wa kwanza na utaletewa risala. Mkononi utakuwa na peni. Mwanangu, usikate neno la mtu. Likikutisha, mpelekee bosi wako kabla hajapanda jukwaani, akasirike na wewe huko chumbani. Aibu ya mbunge inaisha, tena wanasiasa wanaizoea. Ukichelewa kusema jambo leo, kesho litakuwa gumu zaidi, mimi nimeshalipima. Na mtu akikuletea maneno yaliyoandikwa vibaya, jua kuna kilichomfanya ashike kalamu asiyoizoea.

Mungu akufungue masikio, akupe ujasiri ambao baba yako hakuwa nao, akurudishe nyumbani kila siku na moyo mweupe. Nakubariki kwa mikono yangu yote miwili. Ukifika Kiriba, muulizie Mama Nyangeta, ni bibi sasa. Mwambie wewe ni mtoto wa nani, umwamkie. Atakupa mkono wa kushoto. Upokee.