Nusu Kidonge cha Wifi

Katika duka la dobi lililo pembeni mwa kituo cha mabasi, mwanamke anayenyoosha nguo anaitwa Mama Pasi. Hata mumewe humwita hivyo. Ana miaka arobaini na tisa, na jicho lake haliruhusu kola ipite na mkunjo. Husimama kutwa nzima mbele ya meza iliyotandikwa blanketi na shuka jeupe, mvuke ukimpanda usoni. Zamani, akiwa kazini, maji alikuwa hanywi. Choo kiko chini, nyuma ya jengo, na yeye hapendi kuacha shati nusu.

Kizunguzungu kilimwanza msimu wa joto. Akiinama kuchukua nguo kapuni kisha akainuka haraka, macho yanaingia giza, masikio yanavuma, halafu hali inatulia. Alijikaza kisabuni, asimwambie mtu. Mpaka siku moja alipolazimika kushika ukuta wa jikoni nyumbani kwake, na wifi yake akamwona.

Wifi huyo ni dada mkubwa wa mumewe, mjane, na ameishi nao miaka kumi bila kuvunjiana hata kikombe. Ana presha ya kupanda, na kwa mambo ya presha hakuna wa kumfundisha.

"Hiyo ni presha, wifi yangu," alisema. "Mimi ilinianza hivyo hivyo."

"Basi niende nikapime?"

"Ukapime nini, na dawa zimo humu ndani?"

Akakivunja kidonge chake vipande viwili, wakagawana. Ikawa ndiyo kawaida yao: kila asubuhi nusu kwa nusu, kwa upendo kabisa. Chumvi nayo wakaiaga, chakula kikawa hakina ladha, mume akanung'unika peke yake.

Wiki mbili hazijaisha, Mama Pasi akawa anaamka amechoka kama aliyelala akibeba mizigo. Vidole vya baridi, mawazo mazito, kichwa chepesi. Alijipa moyo kwamba dawa inafanya kazi. Na kweli ilikuwa inafanya kazi.

Alhamisi moja, kabla ya saa sita, aliinama kuokota hanga. Alipoinuka, meza ilimkimbia. Mfua nguo wa pale, mwanaume mmoja mpole wanayemwita Povu, aliiwahi pasi kwa mkono mmoja na kumdaka kwa mwingine. Povu hutia chumvi akisimulia, lakini hilo wateja wawili walilishuhudia. Akamlaza sakafuni, akamnyanyua miguu juu ya furushi la mashuka. Dakika haikupita, Mama Pasi akafumbua macho.

"Nani kazima taa?" akauliza.

"Taa zinawaka, dada. Wewe ndiye uliyezimika. Twende zahanati."

Zahanati iko ng'ambo ya barabara. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani, alimpima presha akiwa amelala, kisha akamsimamisha, akasubiri kidogo, akampima tena. Akaziangalia namba zote mbili.

"Ukilala, mia moja na nne kwa sitini na sita. Ukisimama, themanini na mbili kwa hamsini. Mama, presha yako iko chini."

"Iko chini? Na dawa nakunywa kila siku!"

Muuguzi akavua miwani. "Dawa gani?"

Ndipo hadithi ya nusu kidonge ilipotoka, na ya kushinda bila maji, kwa sauti ndogo. Muuguzi hakumfokea. Alimweleza kwamba mtu akisimama, damu hukimbilia miguuni, na mishipa inatakiwa ijibane upesi ili ubongo usikose haki yake. Joto huilegeza mishipa. Maji yakipungua mwilini, damu nayo hupungua wingi. "Hayo tu yalitosha kukupa kizunguzungu. Halafu ukaongeza dawa ya kushusha. Ulikuwa unaelekea chini, ukajisukuma."

Daktari alimpima wingi wa damu, sukari na moyo, vyote vikawa salama. Akamwambia aache dawa isiyo yake, anywe maji hata kabla ya kiu, asiruke mlo, na akiona giza akae au alale papo hapo, asishindane nalo. Kizunguzungu kikirudi, aje.

"Na huyo wifi," muuguzi akauliza mlangoni, "siku zote hizi anakunywa nusu?"

Mama Pasi akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Hilo hakuwa amelifikiria.

Jioni ile ile walirudi wawili. Presha ya wifi ilisoma mia moja na sabini na nane kwa mia moja na mbili. Wifi akazitazama namba.

"Ningekuua, wifi yangu. Kwa mkono wangu mwenyewe."

"Na mimi ningekumaliza kwa kukubali. Tumetoka sare."

Wakaanza kucheka, na muuguzi, aliyekuwa ametayarisha maneno makali, akashindwa kuyasema.

Siku hizi wifi anameza kidonge chake kizima, na presha yake imetulia. Mama Pasi amejitafutia kiti kirefu cha kupigia pasi, na chupa yake ya maji huisha na kujazwa mara mbili kwa siku. Anashuka kwenda chooni bila kinyongo. Na kila alfajiri, kitanda chake kikilia tu, sauti inapenya ukutani kutoka chumba cha pili:

"Kaa kwanza! Hesabu hadi ishirini ndiyo usimame!"

"Nahesabu, wifi," anajibu, miguu ikining'inia, huku mumewe akivuta shuka kichwani.