Jina Lililochelewa Kujibu

Ipo Ijumaa moja ya Bwera ambayo nikiikumbuka, mwanangu, masikio yangu hupata moto kama vile jambo lenyewe lilitokea jana. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na shahada yangu ya chuo kikuu ilikuwa bado inanukia wino. Nilikuwa pia nimefanya kosa ambalo kwa wiki nne nzima nilidhani ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nakusimulia kwa sababu nasikia umekabidhiwa seva ya barua pepe ya ofisi yenu, na kwamba neno lako la kwanza lilikuwa, "Hizi barua taka nitazikomesha." Nami nilisema hivyo hivyo. Nilisema kwa sauti nene, maana siku hizo nilikuwa mwembamba na sauti ndiyo kitu pekee kinene nilichokuwa nacho.

Nilikodi chumba mjini Kasese, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Ndani kulikuwa na seva moja, feni moja, na mimi. Feni ilikuwa ya seva. Tulipokea barua pepe kwa niaba ya vyama vidogo visivyoweza kuwa na mitambo yao: wakulima wa kahawa wa Kyarumba, waongoza wageni wa Nyakalengija wanaopandisha watu mlimani, na dawati la parokia huko Bwera, mpakani na Kongo, lililotafuta watoto waliopotezana na wazazi wao katika kukimbia vita upande wa Beni na Butembo. Kila Ijumaa nilikwenda Bwera kuiangalia kompyuta ya dawati hilo.

Sasa nikueleze kitu ambacho huenda unakijua, lakini vumilia, mimi ni mtu mzima na watu wazima hueleza. Barua inapofika mlangoni kwa seva, hutaja jina la kikoa ilikotoka, lile linaloandikwa baada ya alama ya @. Seva haiamini tu. Huuliza kwenye kompyuta zinazotunza majina: hili lipo? Mara nyingi huambiwa lipo, na hupewa namba yake. Pengine huambiwa wazi kwamba halipo. Na mara nyingine haiambiwi kitu chochote, kwa sababu aliyeulizwa amezimika, au njia ni mbovu, au anajibu polepole.

Programu niliyoikuta ilijua tofauti hiyo. Jina likiwa halipo, barua ilirudishwa kwa namba inayoanza na tano, ambayo kwa seva maana yake ni "usirudi". Jibu likikosekana, ilitoa namba inayoanza na nne, yaani "rudi baadaye". Na seva iliyoambiwa irudi baadaye hurudi kweli, bila kinyongo, hata kwa siku tano.

Mimi niliona huo ni ulegevu. Barua taka zilikuwa zinatumiminikia, nyingi zikitaja majina ya uongo, na programu yangu inaziambia rudi baadaye kama mwenyeji asiyejua kufunga mlango. Kwa hiyo nikaandika kijiprogramu changu cha kuuliza majina. Kilisubiri jibu sekunde mbili. Lisipokuja, kilihesabu kwamba jina halipo, kikairudisha barua kwa namba ya tano, kisha kikaliandika jina hilo kwenye orodha ili lisiulizwe tena kwa siku thelathini. Na kwa kuwa nilijiona mwandishi, sikuridhika na yale maneno makavu yaliyokuja na programu. Nilitunga yangu: "Jina unalodai kutoka halipo. Usipoteze muda wako wala wetu." Niliisoma sentensi hiyo mara kadhaa nikiwa peke yangu, nikitabasamu. Hadi leo sijampata msomaji mwingine aliyeipenda.

Barua taka zilipungua kweli. Katibu wa wakulima alinipigia simu kunisifu. Nikatembea Kasese nimenyoosha shingo.

Pale Bwera kulikuwa na mama mmoja kutoka Butembo, tukimwita Mama Kavira, aliyeuza mawese sokoni. Alikuwa amevuka mpaka na mtoto mmoja mgongoni. Mwingine, Masika, msichana wa miaka tisa, alimponyoka mkononi katika msongamano wa watu waliokuwa wakikimbia. Simu ya mama nayo ilipotea huko huko njiani. Dawati lilikuwa limetuma jina la Masika kwa barua pepe kwenye parokia nyingi za upande ule, na kila Ijumaa Mama Kavira aliliacha soko, akaja na dumu lake la mawese, akakaa juu yake mlangoni.

"Leo mashini inasema nini?" aliniuliza.

"Hakuna kitu, mama."

"Iliangalia muzuri?"

"Imeangalia vizuri kabisa."

Ijumaa ya tatu aliuliza tena, kwa upole ule ule, kama pengine barua inaweza kuwa imefika na kukwama mahali. Nikamjibu neno ambalo ningependa mtu aje aniondolee kichwani. Nilimwambia, "Mama, kama barua ingekuwapo, ingefika."

Aliitikia kwa kichwa. Alinyanyua dumu lake, akaniambia anapita kwanza kwa padri, kumwandikisha Masika katika misa ya marehemu. Mtu wa mashini amesema, akaongeza, na yeye ni mtu wa shule. Nikaona huzuni, mwanangu, lakini nakwambia ukweli: sikuona shaka.

Ijumaa iliyofuata, ambayo ndiyo hii ya masikio kupata moto, aliingia Hajji Twaha. Huyu alikuwa msafirishaji wa Bwera, mwenye lori lililovuka mpaka kila wiki kuchukua mihogo na mbao, na watu wa pande zote mbili walimpa barua na vifurushi vyao awafikishie wenyewe. Mama Kavira alikuwa juu ya dumu lake kama kawaida. Alikuja ingawa sikujua tena anakuja kungoja nini.

"Afande wa kompyuta," Hajji akaniita, maana ndivyo alivyopenda kunitania. "Hii karatasi inatoka kwako?"

Ilikuwa barua pepe iliyochapwa. Katekista wa parokia moja karibu na Butembo aliandika kwamba Masika yuko kwao, mzima. Familia iliyomwokota njiani ilikuwa inahamia Kisangani Jumatano ijayo, na ingeondoka naye kama halitapatikana neno kutoka Bwera. Chini yake, kwa herufi nyeusi, yalikuwa maneno yangu: Jina unalodai kutoka halipo. Usipoteze muda wako wala wetu.

"Katekista alinipata napakia," Hajji akasema. "Anasema ametuma hii kitu mara sita, anatukanwa mara sita. Akaniuliza, watu wa Bwera ni wazima kweli?"

Mama Kavira alikuwa amesimama. "Masika iko?" akauliza.

"Iko, mama. Anakula, analala."

Alikaa tena juu ya dumu, polepole, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge.

Mimi nilikuwa tayari kwenye kompyuta, nimeifungua seva ya Kasese kutoka pale pale, natafuta katika kumbukumbu zake kilichotokea. Haikuwa kazi kubwa. Parokia ile ilipata mtandao kupitia dishi la setilaiti, na kompyuta yao ya majina ilijibu baada ya sekunde tano, sita, mvua ikinyesha hata tisa. Mimi nilikuwa nasubiri mbili. Jibu lilikosekana mara ya kwanza, jina lao likaingia kwenye orodha, na barua tano zilizofuata hazikuulizwa hata jina.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Barua yetu ya kumtafuta Masika iliwafikia wale watu kwa sababu upande wa kutuma sikuugusa. Programu ilijaribu, ikakosa jibu, ikajaribu tena kesho yake na kesho kutwa mpaka ikafika. Chuma kilikuwa na subira kuliko mimi.

"Nani alikuambia hiyo jina haiko?" Hajji akaniuliza.

"Mashine iliuliza, Hajji. Haikupata jibu."

"Sikuuliza hiyo. Nani alikuambia haiko?"

"Hakuna."

"Sasa." Alitoa mfukoni daftari lililokunjika, lile alilotumia kwa vifurushi vya watu. "Mimi sikusoma kama wewe. Lakini ona. Huyu, nimempa. Huyu, nimebisha, mlango haijafunguliwa. Narudi wiki ijayo. Siandiki amehama. Kuandika amehama, lazima jirani aniambie na mdomo yake, na jina ya huyo jirani naandika hapa kando. Kuna mzee wa Kasindi, mtoto wake alimtumia pesa na mkono yangu, nilibisha kwake safari nne. Ya tano akatoka. Alikuwa na malaria tu. Ningeandika amehama, ningerudishia mtoto wake ile pesa, naye angeikula na shukrani."

"Nimeelewa, Hajji."

"Umeelewa nini? Umesoma mpaka umepita mahali pa kuelewa."

"Hajji, acha kwanza," Mama Kavira akasema kutoka nyuma ya kitenge. "Atengeneze. Utamugombesha nyuma, akimaliza."

Nikatengeneza. Nilikiondoa kijiprogramu changu chote, na sentensi yangu nzuri pamoja nacho, nikairudishia programu ya awali kazi yake. Kabla ya kuifuta ile orodha niliisoma. Kulikuwa na zahanati ya kule mlimani, shule mbili, na mnunuzi wa kahawa ambaye watu wa Kyarumba walidhani amewasusa. Nikamwandikia katekista: mama yake Masika yuko hapa, amekaa mbele yangu, msimwache mtoto aende. Hajji naye akachukua maneno hayo hayo kwenye karatasi, kwa kuwa alikuwa akivuka tena mchana ule na hakuwa na imani tena na kitu chochote nilichokishika mimi.

Kisha tukangoja, Mama Kavira na mimi. Alilivuta dumu hadi karibu na meza. Baada ya muda mrefu mstari mpya ukatokea kwenye kioo.

"Inasema nini?"

Kinywa changu kilikuwa kimeshazoea, kilitaka kusema hakuna kitu. Nikakizuia. "Barua imebisha, mama. Nimeuliza jina lao, halijajibu bado. Nimeiambia irudi."

"Itarudi?"

"Kwa kawaida hurudi."

"Bon, sawa," akasema. "Tungoje."

Akanieleza wakati ule, bila mimi kuuliza, kwamba Masika hapendi samaki wa chumvi, na kwamba siku waliyokimbia alikuwa na pengo la jino la mbele, akiongea mate yanaruka na mdogo wake anacheka. Nusu saa ilipita, ikapita kidogo zaidi. Mstari mwingine ukatokea. Jina liliulizwa, likakaa sekunde tisa nilizozihesabu kwa vidole chini ya meza, likajibu. Barua ikaingia.

Katekista aliandika kwamba mtoto anabaki kwake, haendi Kisangani. Mama asijaribu kuvuka, njia si nzuri. Jumanne, siku ya soko, atamleta yeye mwenyewe mpaka darajani Mpondwe, hapo mpakani. Na mwisho kabisa: "Masika anasema niandike kwamba jino lake limeota."

Nilimsomea. Akaniomba nisome tena hapo pa jino. Nikasoma. Akaniomba mara ya tatu. Halafu akasimama, akajifunga kitenge vizuri. "Naenda kuambia padri asisome ile misa," akasema, na akatoka akiwa amesahau mawese yake.

Jumanne nilikwenda Mpondwe bila kuitwa. Katikati ya watu waliobeba mafungu ya vitunguu na masanduku ya sabuni niliona mtoto mmoja ameshika viatu mkononi ili visichafuke. Mama Kavira hakukimbia wala hakupiga kelele. Alimwendea, akachuchumaa mbele yake, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akaangalia lile jino kwa makini kama anayekagua kazi ya fundi. Ndipo akauliza, "Umekula?" Nami nikageuka kutazama mto, kwa sababu mtu wa shule hapaswi kuonekana katika hali niliyokuwa nayo.

Basi haya ndiyo ninayotaka uyashike, mwanangu. Utapewa madaraka ya kusema nani yupo na nani hayupo. Leo ni seva, kesho itakuwa ofisi, au jalada la mtu, au ndugu yako asiyejibu simu. Usiandike "hayupo" mpaka mwenye kujua akuambie hivyo. Usipojibiwa, andika kwamba hukujibiwa, na uulize tena. Muda wa kungoja usiupime kwa mtandao wako, upime kwa wa yule aliye mbali, mwenye dishi bovu na mvua juu ya paa. Ukikosea kwa kungoja sana, utapokea takataka chache, nazo zinafutika. Ukikosea kwa kukataa haraka, hutajua umemkataa nani, kwa sababu aliyekataliwa haachi alama kwako. Na maneno yako ya kukataa, yaandike kama yatachapwa na kusomwa mbele ya mama wa mtu.

Ukikosea hata hivyo, na utakosea, usikae unajitetea. Tengeneza kwanza, ugombezwe baadaye.

Mungu akupe mikono mizuri ya kazi na moyo usio na pupa. Wanaokuandikia wakufikie salama, na unaowangoja, hata wakichelewa, waje.